Kulipima Ua Homa

Tangu mkewe azikwe, fundi saa hakulia. Watu walimsifu kuwa mwanamume jasiri, naye akawaacha waseme. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu, si uchungu wala njaa. Alikula kwa sababu chakula kimewekwa mezani.

Nyumbani walibaki watatu, yeye, binti yake na mama mkwe wake, wametulia kama maji mtungini. Salamu zilijibiwa kwa kichwa. Nguo za marehemu ndugu walishagawana. Kilichobaki chake ni ua la majani mapana lililokaa sebuleni karibu na dirisha, na fundi alijiapiza kuwa hilo halitakufa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alilimiminia kikombe cha maji. Majani yalipoanza kugeuka manjano, akaongeza cha pili. Mtu anayefungua saa ndogo kama kifungo bila kupoteza skrubu, hapa alikwenda kichwakichwa.

Siku moja alirudi kuchukua miwani aliyoisahau. Akamkuta mama mkwe ameinama na jagi.

"Unafanya nini, mama?"

"Nalinywesha. Si mmeliacha na kiu."

"Nimelimwagilia asubuhi."

Binti alikuwa ametokea jikoni na glasi ya maji mkononi. Akaitazama. "Na mimi pia, baba. Kila siku."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hawa hata hawakujua kuwa wamo chombo kimoja.

"Mama alikuwa analipima homa kwanza," binti akasema taratibu.

Ndivyo marehemu alivyoita. Alichomeka kidole udongoni. Ukiwa mkavu huko ndani, anamwagilia, ukinata kidoleni, anaacha. Walizoea kumcheka na kumwita daktari wa majani.

Fundi akachomeka kidole. Kilizama kwenye tope, na tope lilikuwa baridi. Ubaridi huo aliujua. Ndio aliougusa kwenye paji la uso wa mkewe asubuhi ile, akidhani amechelewa tu kuamka. Akashindwa kukitoa kidole.

"Tulitoe," mama mkwe akasema, akamshika mkono.

Wakaling'oa juu ya gazeti. Mizizi ilikuwa imeoza, ikinuka, ikikatika kwa kuguswa tu. Binti akaipekua mmoja mmoja mpaka akaupata mmoja mweupe, mgumu. Wakakata iliyooza, wakalipanda upya chunguni kwa udongo mkavu. Fundi akashindilia kwa vidole vyake, polepole, na hapo ndipo kifua kilipomuuma, akaumia kweli. Chozi likadondoka chunguni, likafuatwa na jingine.

Mama mkwe akamfuta shavu kwa ncha ya khanga yake.

"Lia, mwanangu," akasema. "Ila geukia huku kwangu. Hilo limeshashiba maji."