Rangi ya Jino la Mwalimu

Jino lilirudi mara ya pili siku ya Jumanne, ndani ya kiboksi chake cha plastiki, na juu yake kikaratasi cha daktari: "Bado jeupe mno. Mgonjwa analalamika." Bi Tabaka alikisoma akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena.

Jina hilo fundi huyu wa meno alibandikwa na madaktari wenyewe. Miaka ishirini na sita alikuwa akitengeneza meno ya mbele kwa mkono. Unga wa kauri anaukoroga na maji, anaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, la ndani zito lenye rangi, la nje jepesi la kupitisha mwanga, kisha tanurini. Unga ukiiva hunywea, kwa hiyo jino hulijenga kubwa kupita kiasi, utadhani la punda, na likitoka motoni limeshakuwa la binadamu.

Upande wa pili wa chumba alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, na mashine. Yeye brashi haijui. Huchora jino kwenye kompyuta, mashine ikalichonga kutoka kwenye kisahani cha zirkonia, kauri ngumu kama chuma, nalo pia huchongwa kubwa ili linywee likichomwa.

"Wifi, mimi na wewe wote tunatengeneza meno ya punda," alipenda kumchokoza. "Ila langu ukilipiga nyundo, nyundo ndiyo inaomba msamaha."

"Na likikaa mdomoni linafanana na beseni la kunawia," alijibu Bi Tabaka. "Mwanga unaligonga, unarudi ulikotoka. Langu mwanga unaingia, unatembea humo ndani, unakaa kitako."

"Mpaka mwenyewe atafune mfupa, limeguke."

Basi wanacheka, kila mmoja anashika lake.

Jumanne hiyo hakukuwa na kicheko. Daktari alikuwa ameshasema kwenye simu, tena bila kuzunguka: likirudi mara ya tatu, meno yote ya mbele yatahamia kwenye mashine. Hilo lilimkera Bi Tabaka, lakini silo lililomnyima raha. Kilichomnyima raha ni macho yake. Mara zote mbili daktari aliandika rangi namba moja, ile nyeupe kuliko zote, na yeye akatengeneza namba moja. Sasa mbona linapitiliza? Labda alichotengeneza si namba moja. Kwa wiki tatu alikuwa akijipima nyumbani kwa vifungo vya mashati, cheupe na cha rangi ya maziwa. Mara anavitenganisha, mara anakisia tu. Hakumwambia mtu. Fundi wa rangi asiyeona rangi ni fundi wa nini?

Alilipeleka jino dirishani, akalirudisha mezani, akalipeleka mlangoni, akarudi nalo.

"Wifi, utatoboa sakafu," alisema mwenzake. "Si uende ukamwone huyo mgonjwa kwa macho yako? Kesho anarudi kliniki. Twende wote, nami nina kazi ya kupeleka."

Kwa macho yako! Bi Tabaka alimtazama kama katukanwa. Lakini kesho yake walikwenda.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa makamo aliyeanguka ngazini akavunjika jino la mbele. Tangu alipojaribishwa lile jino la kwanza, alizungumza mkono ukiwa mdomoni.

"Watoto hawana haya," alisema. "Nililivaa siku mbili tu, mmoja akaniuliza kama lina betri. Darasani sicheki tena, mama. Nisaidie."

Bi Tabaka akajibanza kwenye kona, mguu huu, mguu ule. Daktari alimpanua mwalimu kinywa, akapachika pamba, akalitoa jino la muda, akasugua, akapuliza hewa, akapuliza tena. Zikapita dakika ishirini. Hapo ndipo alipochukua kibao cha vijino vya sampuli na kukisogeza kwenye jino la jirani.

"Umeona mwenyewe? Namba moja."

Bi Tabaka akachomoka kwenye kona yake. "Daktari, huwa unachagua rangi saa hizi? Baada ya kupuliza?"

"Ndiyo, nikishasafisha ndipo naona vizuri."

"Ala! Si jino likikauka linakuwa jeupe! Hilo unaloliona lina kiu, siyo rangi yake! Mara mbili umenipa rangi ya meno makavu, na mimi najilaumu hata usingizi sipati!"

Daktari alikuwa muungwana. Alilitazama lile jino, akakitazama kibao, akasema, "Aisee, kosa ni langu." Akampa mwalimu maji, akamwomba afunge mdomo na wangoje.

Walingoja karibu saa nzima. Bi Tabaka hakukaa hata kidogo. Alizunguka korido yote, akamweleza karani wa mapokezi, akamweleza hadi mfanya usafi. Alimshika wifi yake mabega. "Si macho yangu, wifi! Si macho!"

"Nani kasema macho?" aliuliza wifi yake.

Bi Tabaka alikuwa ameshageuka kumweleza karani tena.

Walipoitwa, daktari alimkabidhi kibao. "Safari hii chagua wewe."

Akamsimamisha mwalimu dirishani. Alichomoa sampuli mbili, namba mbili na namba tatu, akaziweka kushoto na kulia kwa jino. Akazibadilisha. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Akasogea, akarudi nyuma. Zilikuwa sawa. Namba zimeandikwa kwenye vishikio, mbili na tatu, lakini vijino vyenyewe vilikuwa kitu kimoja.

Angeweza kubahatisha. Hakuna ambaye angejua, si leo. Mwalimu alimtazama akitabasamu, mara ya kwanza bila mkono, anangoja. Bi Tabaka akahisi machozi yanamjia, na aibu, na hasira na nafsi yake.

"Wifi," aliita. "Njoo. Mimi sioni tofauti."

Wifi yake hakuleta utani. Alikuja, akainama, akatazama kwa muda.

"Hii. Hiyo nyingine imezidi unjano, hasa huku chini."

"Una hakika?"

"Nina hakika, wifi."

Bi Tabaka alitazama mara moja zaidi, asione kitu. Kisha akachukua kikaratasi, akaandika namba mbili.