Mwiko wa Mashoto

Bega la Shangazi Perpetua lilipostaafu kabla yake mwenyewe, kazi ya kukoroga ndoo za wino wa kuchapia vitambaa ilimwangukia Ancilla. Kwa miaka tisa Ancilla alikuwa mtu wa pasi tu, kazi yake kukausha vitambaa walivyochapa wenzake. Sasa ilikuwa Jumatatu, na Jumapili ni fainali ya mpira. Kila mwanamke wa timu yao kisiwani Bathurst, kaskazini mwa Australia, alikuwa akisubiri gauni la kitambaa kimoja, chekundu kama udongo wa ufukweni. Wino ukitoka na michirizi, rangi itaagizwa mjini Darwin, na Ancilla atarudi kwenye pasi.

Aliyesema hivyo ni kaka yake Romuald, mkuu wa meza ya kuchapa. Hakumwambia yeye, bila shaka. Tangu Ancilla avunje ungo, miaka ishirini na mitano iliyopita, yeye na kaka yake hawajasemezana hata neno, kama mila ya kisiwa inavyowapasa kaka na dada waliolelewa vizuri. Huyu alikaa upande huu wa meza, yule upande ule, na maneno yao yakapita kwa Dulcie, mke wa Romuald.

"Wifi, mumeo anautaka mwekundu wa kukolea au wa kawaida?"

"Mume wangu, unaulizwa!"

"Mwambie wa kukolea. Na akoroge mpaka chini."

"Akoroge mpaka chini, kasema. Masikio unayo, wifi, mimi nachoka bure."

Ancilla aliinamia sanduku la vifaa. Alianza na kijiko kikubwa cha mbao, na akajuta. Wiki iliyopita kilikoroga buluu, kikainywa, na sasa kikaitapika ndani ya wekundu wake. Ndoo ya kwanza ikaharibika. Akachukua kisu kipana cha chuma, kikakwangua kuta za ndoo vizuri sana, lakini kwenye wino mzito kikapinda kama jani. Mashine ya umeme hakuigusa, maana Shangazi alikuwa akisema inatia povu, na povu likichapwa huacha vitundu. Akabaki na mwiko laini wa plastiki wa jikoni, akaikoroga nao ndoo ya pili.

Chini kabisa ndani ya sanduku ulilala mwiko mwingine, mpya, wa ule mti mgumu unaozama majini. Ulikuwa mzuri mno. Ila Ancilla aliijua mikato ile ya kisu: kazi ya Romuald. Cha kaka hakiguswi. Akauruka kwa macho, kwa heshima.

Dulcie akatoka kwenda kuinjika chai. Romuald akavuta raba juu ya wavu, wino ukapenya hadi kitambaani, akainua fremu. Michirizi! Mitatu, myeusimyeusi, rangi nzito iliyojificha kwenye kona ya chini ya ndoo, mahali ambapo plastiki haikufika. Ancilla alitamani sakafu immeze. Romuald akatoa simu mfukoni kama mtu wa kupiga Darwin, akaitazama, akairudisha. Kisha akachuchumaa mbele ya mbwa mzee aliyelala chini ya meza.

"We mbwa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi kanisani, "mtu akichongewa mwiko wiki mbili, mti wenyewe unavunja mashoka, halafu anauruka kama nyoka, mimi nifanyeje?"

Mbwa akajikuna.

"Tena mwiko wa mashoto! Kwani mimi mashoto? Wewe ndiye mashoto?"

Ancilla aliuchukua kwa mkono wake wa kushoto. Dole gumba likaingia kwenye kibonde kilichochongwa kwa ajili yake, na ncha ya chini ikakaa sawasawa kwenye kona ya ndoo. Miaka ishirini na mitano kaka yake hakuwahi kumtazama usoni, na kumbe mkono wake anaujua hivi.

Dulcie akaingia na birika. "Yesu wangu, ule mwiko! Nilitumwa tangu Ijumaa nikwambie ni wako!"

"Wifi, mdomo mkubwa hivyo, kumbe ujumbe unakwama humo?"

"Ijumaa kulikuwa na mechi, jamani!"

Ancilla akafungua ndoo mpya. Alikoroga polepole, akikwangua kona, akipandisha cha chini juu, na ule mti haukunywa hata tone. Romuald akavuta raba. Kitambaa kikatoka chekundu mwanzo hadi mwisho, bila doa. Dulcie akapiga kigelegele, akasahau birika mkononi, chai ikamwagika.

"Niseme nini kwa mume wangu?" aliuliza akipangusa.

"Usiseme kitu, wewe utasahau." Ancilla akainama chini ya meza. "We mbwa, mwambie kaka yangu huu ndio mwiko niliokuwa nautafuta. Na mwambie avute haraka, wino wangu unakauka."

Romuald alikuwa amewageuzia mgongo, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.