Mkono Ulioingia Ndani ya Buti

Mpwa wangu alinipokea begi mlangoni, na kabla hajaniuliza habari za safari akanipeleka kuona unywele. Alikuwa ameubandika kwa mate kwenye mwanya wa buti ya gari lake.

"Ukikatika, Mjomba, ujue mtu kafungua."

"Umeshakatika mara ngapi?"

"Haujakatika. Ndiyo maana nakwambia, huyu mtu ni mjanja."

Gari lenyewe lilikuwa la matangazo: spika nne juu ya paa, amplifaya ndani ya buti, na yeye mbele, mkono mmoja usukani, mwingine kipaza sauti. Kwa wiki tatu amplifaya ilikuwa ikijizima. Sauti ikiwa ya chini, inaimba kwa adabu zote. Akipandisha tu, taa ya kijani inageuka nyekundu, kimya. Juzi alikuwa akitangaza mtoto aliyepotea. "Ana miaka minne, amevaa shati la..." ikakata hapo hapo. Watu walimfuata mitaa miwili wakitaka kujua rangi ya shati. Mtoto alipatikana kwa jirani, amelala zake.

Fyuzi alishabadilisha, na betri pia. Lakini moyoni mkosaji alikuwa keshampata: shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi rangi aliyekaribishwa chumba cha uani. Mtaani wanamwita Kioo, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyoa ndevu mbele yake. Wiki tatu nyuma Kioo alilipaka gari lile upya, hadi ndani ya buti, bila kudai kitu, kama asante ya kupewa pa kulala. Kesho yake amplifaya ikaanza vituko.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mpwa wangu alisema. "Ameniuliza mara mbili kama nitaliuza hili gari. Anataka nichoke. Wewe umeshika nyaya kila mji uliopita, Mjomba. Tafuta. Ukikuta mkono wake humo, leo hii anabeba makopo yake anaondoka."

Jikoni, mkewe alinimiminia chai akasogea karibu.

"Mjomba, ukikuta kitu, niambie mimi kwanza."

"Unadhani nitakikuta?"

Akafuta meza iliyokuwa safi. "Kaka yangu hajawahi kuharibu cha mtu. Ila siku hizi hata mimi namtazama mikono."

Nimelala katika nyumba za watu nyingi kuliko nilizoweza kuzihesabu. Nyumba ikishaanza kutazamana mikono, haikawii kugawana vyombo.

Nilipofungua buti, Kioo alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake na kitambaa mkononi.

"Mimi waya sikugusa, mzee."

"Sijakuuliza."

"Najua. Nimetangulia kujibu."

Sikupenda. Mtu anayejibu kabla ya swali, aghalabu swali analo tayari.

Nikamwambia mpwa wangu awashe injini. Nikaweka ncha za testa yangu ya kupimia umeme pale nyaya zinapoingia kwenye amplifaya: volti kumi na tatu na ushei. "Pandisha sauti." Ngoma ilipopiga, namba ikaporomoka hadi tisa, taa nyekundu, kimya. Nikaacha ncha nyekundu palepale, ile nyeusi nikaigusisha kwenye chuma kitupu cha kufuli ya buti. "Pandisha tena." Taa ikawa nyekundu tena, lakini safari hii namba haikutikisika. Basi waya wa kuleta umeme ulikuwa mzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya mweusi, unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Amplifaya ilikuwa inakula vizuri, ila choo kimeziba.

Niliufuata ule waya hadi kwenye bolti moja sakafuni mwa buti. Nikaifungua. Chini yake rangi ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Na rangi haipitishi umeme. Ulikuwa unajipenyeza kwenye meno ya bolti tu, kidogo kidogo.

"Nani alifungua hii?" mpwa wangu aliuliza, ingawa alikuwa akimtazama mtu mmoja.

"Mimi," Kioo akasema.

"Si ulisema waya hukugusa?"

"Nilitoa bolti. Waya ulikuwa umening'inia kwayo."

Mpwa wangu akacheka kicheko kikavu. "Mjomba, umesikia kwa masikio yako."

Mkewe alikuwa ameshatoka jikoni, mikono ina povu. Nikamnyooshea Kioo kipande cha msasa ili apakwaruze. Akakataa kukipokea.

"Ukipakwaruza hapo, kutu inaingia."

"Mnaona?" mpwa wangu akasema. "Hataki ipone."

Sitadanganya, hata mimi nilishaanza kumwona Kioo kwa jicho hilo. Nikainama nirudishe bolti, macho yakaangukia ile inayoshika jeki. Nikaifungua. Chini yake, rangi. Nikafungua ya tairi la akiba. Rangi. Nikafungua nyingine tatu, kote rangi safi.

"Njoo utazame," nikamwita mpwa wangu. "Mwenye hila angepaka bolti moja. Huyu kapaka zote, mpaka ya jeki, pahali ambapo hata mwenye gari hachungulii."

Hakuniamini. Akanipokonya spana, akachagua bolti mbili za kwake mwenyewe, nyuma ya taa, akazifungua. Akapitisha kidole chini ya kila moja, akakitazama kidole: hakina kutu.

"Sasa kwa nini upake chini ya bolti?"

"Kutu huanzia hapo. Wengine wanapaka kuizunguka. Mimi si wengine."

Kisha Kioo akauchukua ule msasa mwenyewe. Akapakwaruza duara dogo kama kizibo cha soda, uso umemkunjamana kama anayemtoa mwanawe mwiba, akapaka grisi pembeni, akakaza bolti. Tukapandisha sauti mpaka madirisha yakatetemeka. Namba haikushuka. Kijani tupu.

Nilipogeuka, Kioo hakuwepo. Mpwa wangu akazima muziki, na sote tukasikia makopo yakipangwa ndani ya gunia. Mkewe alimtazama mumewe.

Mpwa wangu akaenda hadi mlangoni pa chumba cha uani. Nikamfuata kwa nyuma.

"Shemeji, gari limepona."

"Nimelisikia."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Gari limepona. Mimi wiki tatu nimelala humu kama mwizi."

Mpwa wangu akapekua mifuko isiyo na kitu. "Nilikosea," akasema, sauti ya kumbembeleza paka.

"Sijasikia."

"Nimesema nilikosea, shemeji."

"Mtaa mzima unajua unavyotangaza."

"Nilikosea!" Jirani akachungulia juu ya ukuta. Mkewe akapita katikati yetu na mikono yake ya povu, akalitoa kopo moja ndani ya gunia, akalirudisha chini ya kitanda.