Neno la Gublu

Daktari Samaddar hakuwa mtu wa haraka. Ukienda kwake na kikohozi utaulizwa ndoto zako, ukienda na jipu utaulizwa kama unaogopa radi. Ndiyo tiba ya homiopathi hiyo, na mtaa mzima kule Behala, Kolkata, ulikuwa umeizoea. Basi siku hiyo alimkazia macho Sutapa, aliyekuja na mama mkwe wake, Hemnalini, kwa ajili ya mwanawe Gublu, mtoto wa miaka minne mwenye hasira za kuvunja vyombo.

"Hulalia upande gani?"

"Tumbo," Sutapa alijibu.

"Chumvi anapenda?"

"Anailamba kama mbuzi!" Hemnalini akadakia.

"Akikasirika anataka kubebwa, au hataki kuguswa?"

"Aguswe nani! Juzi kavurumisha sahani ya wali ukutani, na mchuzi wa samaki juu yake. Mpaka leo ukuta unanuka."

Daktari akaandika, akapangusa miwani. "Na hasira zikishampanda, husema nini? Nipeni maneno yenyewe, kama anavyoyatamka. Dawa yangu naitafutia humo humo."

Sutapa akawahi kujibu. "Hasemi kitu. Anapiga kelele tu."

"Kelele tu? Mkwe, unamwonea haya daktari?" Hemnalini alimgeukia. "Nitasema mimi. Mimi, bibi yake mzazi, ananitazama usoni ananiambia, 'Ukifa wewe, mifupa yangu itapoa!'"

Jamani, neno lenyewe, yaani ukifa ndipo nitapumzika, si geni. Wanawake wa Kolkata hulitupa huku wakikoroga dengu, mtoto akiwazidi vituko, na kabla dengu hazijaiva wameshalisahau. Lakini kulisikia kwenye kinywa cha mtoto wa miaka minne kunatisha.

"Kalitoa wapi?" daktari aliuliza.

Sutapa alijua lilikotoka. Ilikuwa siku ya maji kukatika, mumewe kapiga simu kutoka kazini Durgapur kwamba sikukuu ya Durga hatakuja, na Gublu kamwagia mafuta ya haradali nguo zote alizotoka kuzifua. Alimshika mkono akamtikisa, akamsogelea uso kwa uso, akalisema. Wengine hulisema tu. Yeye, kwa dakika ile moja, alilikusudia. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo, na hakuna aliyejua.

"Labda kwa yaya," alisema. "Kwa Pushpo."

Limeshamtoka. Daktari akaandika na hilo, akapima vidonge vyake vyeupe vidogo kama punje za mtama, akaagiza mtoto asile kitunguu kibichi, wala vidonge visiguswe kwa mkono. Hemnalini hakusikia hata nusu ya maagizo, alikuwa anachemka.

Walipofika nyumbani Hemnalini alimkuta Pushpo anaanika shuka, akamfukuza pale pale, tena kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Mjane wa watu, aliyembeba Gublu mgongoni tangu hajaota jino! Pushpo hakubishana. Alimtazama Sutapa tu.

"Dada, mimi?"

Sutapa akajitia kupuliza jiko la chai. Jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Vidonge vikaanza, na Gublu akanyamaza. Hakurusha sahani tena, wala hakumng'ata mtu. Hemnalini akawa hana jingine la kusema mtaani: dawa ya Samaddar ni kiboko, na ule mdomo mchafu nao umeondolewa. Wenzake wakamsifu. Sutapa akasifiwa pia, na kila alipopongezwa alitamani ardhi ipasuke. Kwa kuwa alimwona mtoto. Gublu alikuwa akitembea akiambaa na ukuta, na akila haombi kuongezwa. Akigonga goti hulia bila sauti, kajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Alasiri moja Sutapa alikuwa anamenya viazi. Gublu akaja taratibu, akamshika kiwiko, akakibonyezabonyeza.

"Imepoa?"

"Nini, mwanangu?"

"Mifupa yako. Mimi nanyamaza kila siku. Nikinyamaza sana itapoa, si ndiyo? Halafu sitakufa."

Akakiweka kisu chini. Alimvuta mtoto kifuani, akamwambia neno lile ni baya na ni lake yeye mama, na hataki afe, hataki hata kidogo, alikosa. Gublu alisikiliza, lakini mwili wake ulibaki mkavu kama ubao. Sutapa akainuka hivyo hivyo na maganda ya viazi mapajani, akamfuata mama mkwe chumbani, akamweleza yote.

Hemnalini akasimama.

"Ukaniacha nimtukane mjane mlangoni kwangu," alisema. "Ukaniacha, nawe unapuliza gesi. Mtu mzima ovyo! Toka mbele yangu. Kamrudishe."

Pushpo alikuwa kwake, ng'ambo ya reli, anakunja mifuko ya karatasi za magazeti. Hakuinuka. Sutapa alisimama mlangoni na Gublu, akasema aliyokuja kuyasema, akalia, akamwomba arudi.

"Nilijua ni lako," Pushpo alisema. "Siku ile nilikuwa kwenye ngazi."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikia?" Alipaka gundi mfuko mwingine. "Nimebisha hodi nyumba zote za mtaa wenu kutafuta kazi, dada. Wananitazama mdomo, kisha wanawaingiza watoto ndani. Sasa nirudi kwako nikae kama mwizi aliyesamehewa? Sirudi. Kwangu umeshasema. Kasemee kule ulikoniharibia."

Gublu alimwendea Pushpo, akamlalia begani. Pushpo akamkumbatia kwa mkono mmoja, kisha akamgeuza polepole akamrudisha kwa mamaye.

Wakirudi, bombani walikuta foleni ya wanawake na ndoo zao, na mbele kabisa Mama Ghoshal, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Heh, mama Gublu! Kijana katulia, eti? Na yule mwenye mdomo mchafu mshamtimua?"

Sutapa akasimama. Angeweza kucheka tu akapita.

"Mdomo wenyewe ni huu," Sutapa alisema, akajionyesha kwa kidole. "Nililisema mimi. Pushpo nilimsingizia."

Wakaangua kicheko, wakidhani anatania. Akawasubiri wamalize, akarudia. Safari hii alitaja siku alipolisema, na kwamba alimwambia mwanawe wa kumzaa, na kwamba alilikusudia. Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamvuta binti yake nyuma ya sari.

Maji yalikuwa yanafurika na hakuna aliyefunga bomba. Gublu, kachoka kusimama, akamvuta mama mkono mara moja, mara ya pili. Kisha akaipiga teke ndoo ya Mama Ghoshal ikabingirika hadi mferejini, akajitupa chini kwenye tope, akapiga ukelele ambao mtaa haukuwa umeusikia tangu vidonge vianze.

"Loo! Dawa imeisha nguvu!" Mama Ghoshal alifoka. "Mnyamazishe mwanao!"

"Simnyamazishi," Sutapa alisema, akakaa naye kwenye tope.