Ushahidi wa Upepo

Alhamisi asubuhi, Jocelyne akiwa anakunja upindo wa suruali ya shule katika duka la ushonaji kule Malvern, Johannesburg, upepo uliingia na kuomba nafasi ya kuzungumza naye. Mwanaasha, mwanamke wa Tanga aliyepanga naye duka hilo, aliweka mkasi juu ya vitambaa visipeperuke.

"Karibu," alisema Mwanaasha. "Lakini kaa hapo hapo mlangoni, huku ndani kuna karatasi za vipimo."

Upepo ukakaa mlangoni. Ulikuwa ndio ule uliopita mtaa wa Jeppestown siku kanisa la mawe lilipoanguka, na Jocelyne aliutambua kwa harufu yake ya mvua na vumbi la migodi. Hakuuamkia. Chini ya mawe yale alikufa mama yake mdogo, Victorine, aliyemlea tangu Bujumbura na kumvusha mipaka yote hadi Johannesburg.

"Wameandika kwamba ni mimi," upepo ulisema. "Kwenye gazeti la mtaa wameandika, na pale kwenye uzio wametundika kibao. Eti kanisa la miaka zaidi ya mia limeangushwa na dhoruba. Mama, siku ile mimi sikuwa dhoruba. Nilikuwa natoka mbali, nimechoka. Nguo za watu wa hosteli zilibaki kwenye kamba. Ile spaza, kiduka cha ng'ambo ya barabara, ambayo paa lake ni bati lililokandamizwa kwa matairi, haikutikisika."

Jocelyne alisimamisha cherehani. Matairi yale aliyaona kwa macho yake, yamekaa juu ya bati vilevile, siku alipoitwa kuutambua mwili.

Kanisa lilikuwa la wadhamini ambao babu zao ndio waliolijenga. Wao walikuwa wamehamia vitongoji vyenye bustani na kuwaachia Warundi ibada ya alasiri. Kila mwaka Warundi waliomba paa litengenezwe, na kila mwaka walijibiwa kwamba suala hilo linajadiliwa. Wadhamini walitaka kuuza kiwanja. Sheria inakataza kubomoa jengo la kale bila kibali, na kibali walinyimwa, lakini hakuna sheria inayokataza kungoja. Wakangoja. Boriti zikaoza, maji yakazama ukutani, na kila mvua iliponyesha Victorine ndiye aliyekwenda kupanga ndoo.

"Ulimwona?" Jocelyne aliuliza.

"Nilimwona. Alikuwa na ndoo ya bluu, anaisogeza na mguu chini ya tone. Mimi nilipita dirishani polepole, kioo kilikuwa kimevunjika zamani. Boriti ilikatika yenyewe, ikavuta ukuta. Hata sikuigusa."

Jocelyne alidhani atalia. Badala yake hasira ilimjaa.

"Utayasema haya mbele yao?"

"Ndiyo sababu nimekuja."

Jumamosi Jocelyne na upepo walikwenda kitongoji cha Bedfordview, kwenye mkutano wa wadhamini. Upepo ulitangulia na kumngoja kwenye kila robot, zile taa za barabarani. Ukumbi ulikuwa mpya, dari yake haina hata doa. Mwenyekiti, Bwana Hallam, alisoma taarifa kuhusu urithi uliopotea kwa nguvu za asili, kisha wote wakasimama kimya kuliombolezea jengo. Katika taarifa hiyo Victorine alitajwa kama mhanga mmoja.

Jocelyne hakuketi wengine walipoketi.

"Huyo mhanga mmoja anaitwa Victorine," alisema. "Na nimeleta shahidi."

Bibi mmoja alifunga vifungo vya koti. Katibu aliuliza shahidi ana hati gani. Upepo ukasema hauna. Akauliza unakaa wapi, ukasema haukai. Akauliza unatoka wapi, na uliposema unatoka ng'ambo ya mpaka, watu wakatazamana kama waliokwisha kupata jibu.

Hata hivyo ulipewa nafasi, ukaeleza yote: nguo, matairi, boriti, ndoo. Bwana Hallam alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Swali dogo tu," alisema. "Siku ile ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, lakini..."

"Na kanisani uliingia?"

"Niliingia. Kioo kilikuwa kimevunjika."

"Ahsante sana. Katibu, andika kwamba upepo umehudhuria na kukiri."

"Mmemuua kwa kungoja," alisema Jocelyne. Alisema kwa Kiingereza, neno moja moja, ili wasije wakadai hawakuelewa. Katibu akamwambia kwamba suala hilo litajadiliwa.

Kabla ya Pasaka kibali kilitoka, kwa kuwa hapakuwa tena na jengo la kulinda. Kiwanja kikauzwa. Malori yakazoa mawe, na pembeni mwa barabara ukasimamishwa ukuta mrefu wa mbao wenye picha za nyumba za ghorofa na watu wanaocheka. Jocelyne alikwenda kuuona siku ya kwanza, pamoja na upepo.

"Uangushe," alisema. "Huu uangushe kweli, ili wakikutaja wawe na haki."

Upepo ulirudi nyuma hadi relini, ukaja kwa nguvu ambazo mtaa ule haukuwa umepata kuziona. Mapipa ya taka yalibiringika hadi barabara kuu. Mbao hazikutikisika. Ulirudi tena, ukapiga tena, kisha ukajiegemeza hapo ukihema.

"Huu wameujenga vizuri," ulisema.

Jocelyne alipitisha mkono chini ya ubao. Nguzo zilikuwa za chuma, mpya, zimemwagiwa zege hadi magotini. Mlinzi alitoka kibandani akawaomba wote wawili wasogee, kwa sababu mahali pale palikuwa na hatari ya kuangukiwa.