Chapati ya Mwisho

Nyumbani kwa Gangaben, chapati ya mwisho kutoka kwenye chuma cha kupikia haikuwa ya binadamu. Mama yake alimfundisha hivyo tangu utoto: ya kwanza mpe ng'ombe, ya mwisho mpe mbwa. Ng'ombe walipita mtaani kwao Gongoni wakienda mnadani, basi hao walipata yao. Mbwa ndiye aliyekosekana. Kwa hiyo tangu alipoolewa na marehemu Popatlal na kuanza kuuza naye khanga na vibiriti, chapati ya mwisho ilikuwa inakwenda nyumba ya pili, kwa Mwanne, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuisifia samli. Gangaben hakuwahi kumwambia ilikuwa ya nani. Kuna maneno ukiyasema unaharibu ujirani bure.

Mambo yalitoboka siku Kornel alipokuja na tenga.

Kornel alikuwa bwana mifugo, kijana wa adabu, asiyejua kupita dukani bila kusalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kuku?"

"Mbwa, mama."

Mwaka ule watu walikuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, na Kornel alimkuta mbwa huyo kwenye mahame, katika nyumba iliyokwisha kuezuliwa. Mama wa mbwa huyo alikuwa amekufa. Alikuwa mbwa kijana, miguu mirefu na mbavu za kuhesabika, na hakuwahi kushikwa na mkono wa mtu. Mfugaji mmoja wa Igunga, Bundala, alikuwa akitafuta mbwa wa kulinda ndama, na angekuja mjini na lori la pamba.

"Ila hataki mbwa anayekimbia watu," Kornel alisema. "Akimkataa, mama, huyu atapigwa risasi. Mbwa wasio na mwenyewe wote wanamalizwa, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Nisaidie kumtunza mpaka hapo."

Gangaben angemkatalia, maana yeye mwenyewe alikuwa safarini: baada ya Diwali angehamia Mwanza kwa binti yake Taramati, ghorofani, mahali ambapo hata paka angekosa pa kukaa. Lakini alichungulia tengani, akaona macho mawili yanayotaka kupenya upande wa pili wa tenga. Akasema mlete.

Mwanne hakukawia. Alisimama mlangoni, ameshika mtandio wake asije akaguswa.

"Mama Tara, umefuga mbwa? Na mimi na udhu wangu nitaingiaje?"

"Ni mgeni tu, dada. Anapita."

"Na chapati yangu?"

"Chapati ni yake."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Wewe ulikuwa unamshikia."

Mwanne alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akili ikamrudia, akanuna wiki nzima.

Mbwa aliingia chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya mchele, na huko akahamia. Ukimwita anatetemeka. Ukimnyooshea mkono anajikojolea. Kornel alishauri afungwe kamba avutwe, lakini Gangaben hakukaa dukani miaka yote ile bure. Alijua wateja wa namna hiyo: mwanamke wa shamba anayetamani doti ya khanga na kuona haya kuuliza bei. Ukimkodolea macho anaondoka. Wewe shughulika na mizani yako, mpe mgongo, atasogea mwenyewe mpaka vidole vyake viguse kitambaa.

Basi alimpa mbwa mgongo. Kila alasiri alikaa kwenye mkeka, anachambua mchele, na chapati ya mwisho ameiweka nyuma yake. "Karibu, mgeni," alisema, bila kugeuka. Jina halisi hakumpa, kwa sababu ukishampa kitu jina umeshajifunga nacho, na yeye alikuwa mtu wa kuondoka. Mwanzoni chapati ililala pale ikakauka. Baadaye ikawa inatoweka. Baadaye zaidi alisikia mtafuno, kisha pumzi, na alasiri moja pua yenye ubaridi ikamgusa kiwiko. Gangaben hakugeuka. Aliendelea kutoa chuya huku machozi yanadondoka kwenye mchele, amefurahi kuliko alivyofurahi kwa jambo lolote tangu Popatlal afariki.

Tatizo lilikuwa wageni wenyewe. Mtu yeyote akipiga hodi, mbwa huyo chini ya ngazi. Gangaben alipanga kwamba Bundala akifika, atamkalisha kwenye mkeka, amfundishe kuchambua mchele, taratibu, hata kutwa nzima.

Bundala alifika siku moja kabla ya siku aliyotarajiwa. Sauti yake ilizoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga.

"Hodi wenyewe!"

Gangaben alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, na mdomo ukatangulia akili.

"Karibu, mgeni!"

Alipokumbuka, alikuwa amechelewa. Alikimbilia uani. Mbwa alikuwa ametoka chini ya ngazi, mkia chini, masikio mbele, anakwenda kula chapati yake, na mbele yake amesimama mwanamume mrefu mwenye fimbo. Wote wawili waliitwa. Wote wawili waliitika.

"Usimtazame," Gangaben alinong'ona. "Mpe mgongo, baba. Nakuomba."

Bundala aliweka fimbo chini, akachuchumaa, akageukia ukuta kama anayesoma kitu pale. Mbwa alisimama. Akanusa hewa yenye harufu ya ng'ombe. Akasogea, akanusa kisigino, akanusa mkono uliokuwa umeachwa wazi nyuma ya mgongo. Kisha akaulamba.

"Ndama wangu pia wana haya," Bundala aliuambia ukuta. "Tutaelewana. Anakula nini?"

"Chapati. Nyama hajaionja kwangu."

"Kwetu kuna ugali na maziwa. Hatalala njaa, mama."

Kwenye lori mbwa aligoma. Gangaben akafunga sari vizuri, akapandishwa juu ya lori mbele ya Gongoni nzima, akakaa chini akawapa wote mgongo, na chapati nyuma yake. "Karibu, mgeni." Mbwa akapanda. Alipokuwa anakula, Gangaben alishushwa polepole, na Bundala akakaa mahali pake, naye amempa mbwa mgongo.

Jioni alipika kama kawaida. Chapati ya mwisho ilipoiva aliitazama, hajui aipeleke wapi.

"Hodi!"

"Karibu, mgeni," alijibu, na macho yakaenda chini ya ngazi. Hakutoka mtu. Akaanza kulia.

Mwanne akaingia mpaka ndani, kwa mara ya kwanza tangu siku ya tenga, akakaa kwenye mkeka.

"Mgeni mimi? Tangu lini?" alisema. "Nyamaza, mama Tara. Lete hiyo chapati ya mbwa. Mwenzio nimeshaizoea."