Tela la Ekseli Moja

Kikombe cha kwanza alikimwaga juu ya kitabu cha trekta.

Nilikuwa nimekifungua mezani, nimeuinamia ukurasa wa vipimo, nasoma kwa sauti ili nisisahau. "Uzito, kilo mia tisa na themanini." Mume wangu aliketi mbele yangu na maji yake ya kunywa. Akakiinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanitazama, akakimimina chote, polepole, mpaka karatasi zikalowa na tarakimu zikaanza kuvimba.

"Jamani, Fundi!" Nilikikwapua kitabu, nikakikung'uta. "Hata hiki nacho?"

Watu wote walimwita Fundi, na mimi nilimwita hivyo tangu uchumba. Miezi saba kabla ya siku hiyo kiharusi kilimwangusha bafuni. Kilichukua upande wa kulia, kikachukua maneno, kikachukua hata herufi. Ukimpa kalamu alichora mstari mmoja, akautazama, akaiweka chini. Nilidhani kikombe kimemponyoka. Nilifuta meza huku nanung'unika, na wala sikujiuliza mkono wa kushoto, ule mzima, ungeponyokwaje na kikombe polepole namna ile.

Ijumaa hiyo sikuwa na nafasi ya kujiuliza. Shamba moja kubwa la mboga, mwendo wa saa tatu kwa gari, lilitaka mtu mwenye trekta dogo la kupita kati ya matuta. Kazi ya miaka mitatu. Kazi ilikuja na nyumba, na nyumba ilitazamana na kliniki ya mazoezi ya viungo. Daktari alikuwa ameniambia bila kuzunguka: mkono ukifanyishwa mazoezi kila siku ndani ya mwaka wa kwanza, huenda ukarudi, na maneno nayo huenda yakarudi; mwaka ukipita, mzoee tu. Pale tulipokuwa tukiishi mtaalamu wa viungo alikuja mara moja kwa mwezi, tena akipata usafiri. Basi nyumba ile niliiota nikiwa macho. Nilikuwa nimeshapanga hata kiti cha Fundi kitakaa upande gani wa mlango.

Msimamizi wa shamba alinipa sharti moja kwenye simu. "Jumamosi saa kumi jioni trekta liwe getini. Lisipokuwepo, kuna mwenzako anasubiri."

Trekta lenyewe haliruhusiwi barabara kuu, na hata lingeruhusiwa, kwa mwendo wake lingefika wiki ijayo. Nilihitaji tela.

Jumamosi asubuhi nilikuwa yadi ya matela kabla hawajamaliza kufagia. Nilikwenda na wifi yangu, dada yake Fundi, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo usio na breki. Fundi tulimwacha garini, kichwa kimeegemea kioo. Mwenye yadi, mzee mfupi aliyefunga miwani yake kwa waya, alitupitisha kwenye matela yake kama mtu anayeonyesha watoto wake, huyu mpole, huyu mkorofi.

"Hili la ekseli mbili, magurudumu manne, lina breki zake lenyewe," alisema, akilipiga teke gurudumu. "Leo unapakia trekta, kesho gari la mtu lililokufa njiani, kesho kutwa bajaji mbili. Halichagui."

"Wifi, chukua hili!" wifi alidakia. "Trekta likilala, tela linakulisha. Tutabeba magari ya watu mpaka watuchoke."

Nilikuwa na pesa za ekseli moja. Nilipita nikasimama mbele ya lile dogo la pembeni, jipya, rangi bado inanuka, halina breki. Mzee alinifuata bila haraka.

"Hili mzigo wake kilo elfu moja na mia moja. Ukizidisha, usinitafute. Trekta lako kilo ngapi?"

"Mia tisa na themanini."

"Na jembe lake?"

"Jembe litakaa kwenye pikapu."

Alinitazama juu ya miwani. "Kuna kingine?"

"Hakuna," nilisema.

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka kumi na minne.

Alinipa na maelekezo, bure. Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli, ulimi wa tela, pale linapoungwa, uikandamize pikapu. "Nyuma ikizidi, mama, si wewe utakayeendesha. Tela ndilo litakalokuendesha wewe." Niliitikia kila sentensi huku natazama saa.

Nyumbani nilipandisha trekta mwenyewe, mbele likitangulia, juu ya mbao mbili zilizolia mpaka wifi akafumba macho. Nikalifunga minyororo. Nilipoona nyuma ya pikapu imeinuka badala ya kukaa, nilijiambia ndivyo tela jipya lilivyo, litajizoesha. Ukitaka kitu sana unajua kujidanganya. Nilipogeuka, Fundi alikuwa amesimama, ameshika ukuta kwa kiwiko, kikombe mkononi. Alijikokota hatua tano, hatua ambazo kwa kawaida tulikuwa tunambembeleza nusu saa azipige, akafika kwenye tela, akamwaga maji juu ya gurudumu la nyuma la trekta.

Nikapandwa na hasira. Ndiyo, nasema nilivyokuwa. Nilimnyang'anya kikombe mbele ya majirani. "Unataka nini? Nihangaike peke yangu, nipakie peke yangu, halafu niwe nafuta maji yako? Unataka nife mimi kwanza?"

Aliinamisha kichwa. Mate yalimtoka upande wa kulia na sikumfuta.

"Taratibu, wifi," wifi alisema kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipojua nimevuka mpaka, kwa sababu wifi hana sauti ndogo.

Tuliondoka saa nne na nusu. Tambarare yote tela lilitufuata kama kondoo, na wifi akaanza kupanga mapazia ya nyumba mpya. Saa saba na kitu tukaanza kuteremka mlima.

Kwanza usukani ulikuwa mwepesi. Mwepesi mno, kama vile magurudumu ya mbele hayagusi lami. Halafu kitu kikatuvuta nyuma, kulia, kushoto, kulia tena, na kila mara kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo niliona trekta linachungulia upande huu, linapotea, linachungulia upande ule. Nikagusa breki, ikawa mbaya zaidi. Wifi alipiga yowe moja tu. Mkono mmoja ukanishika goti. Ulikuwa wa Fundi, ule mzima. Niliondoa mguu kwenye kila kitu, nikashikilia usukani, nikauacha ukingo wa udongo wa kushoto utukwaruze, ubavu mzima, mpaka tukasimama.

Upande wa kulia barabara iliishia hewani.

Nilishuka, nikaanza kukagua minyororo. Yote mizima. Tela zima. Kitabu kimesema mia tisa na themanini. Nilizunguka mara tatu, nalia, namtukana mwenye yadi, natukana barabara. Wifi alimshusha Fundi kwa kumkumbatia. Fundi alikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa katika mkono wa kushoto. Akaliegemea kwa bega tairi kubwa la nyuma la trekta. Akanitazama. Akaigeuza chupa.

Maji yalipita kwenye vidole vyake, yakateremka juu ya mpira.

Na hapo nikajiona, mke mpya, kitenge kimefungwa kibwebwe, nabeba ndoo kutoka bombani. Mwaka wetu wa kwanza. Trekta lilikuwa jepesi, shamba la mteremko, magurudumu yanateleza. Fundi akasema matairi ya nyuma yajazwe maji yapate uzito. Yeye alishika mpira wa kujazia, mimi nikaleta ndoo baada ya ndoo, lita mia na zaidi kila tairi, mpaka mabega yakawaka. Alicheka akasema, "Leo mke wangu unamnywesha ng'ombe wa chuma." Alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi ndiye niliyeyabeba. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

"Maji," nilisema. "Fundi, maji ya kwenye matairi. Kilo mia mbili na zaidi, zote nyuma, na kitabu hakizijui."

Alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Tuliinua kila gurudumu kwa jeki na kulizungusha mpaka valvu ikawa chini. Fundi aliifungua kwa vidole vya kushoto, taratibu, akisimamia kila kitu kwa macho. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa miezi saba. Maji yakatoka yakiwa meusi, yananuka kutu, uzi mwembamba usio na haraka hata kidogo. Nilimpigia simu msimamizi. Akasema atangoja mpaka saa kumi. Nilikaa nautazama ule uzi. Usingeweza kuufanyia chochote, si kuusukuma, si kuuvuta. Tairi la kwanza lilichukua saa nzima, na la pili lilikuwa halijamaliza saa tisa iliponikuta pale.

Tulifika getini saa kumi na mbili kasorobo. Trekta jekundu la yule mwenzangu aliyekuwa akisubiri lilikuwa limeegeshwa bandani, na mwenyewe alikuwa anaingiza godoro kwenye nyumba iliyotazamana na kliniki.

"Mama, nilisema saa kumi," msimamizi aliniambia.

"Tulipata shida mlimani."

"Nilisema saa kumi," alirudia, wala hakusema kwa ubaya.

Mkono haukurudi. Maneno hayakurudi. Trekta tuliliuza, tela likabaki, na wifi akawa amesema kweli: tulibeba bajaji, pikipiki za ajali, baadaye tukapata la ekseli mbili tukabeba na magari. Watu huja kuniuliza wachukue tela gani. Wanafungua vitabu. Nawaambia vifungeni kwanza, niambieni ndani mmetia nini.

Fundi aliishi miaka tisa mingine. Mara mojamoja, mezani, aliinua kikombe kwa mkono wa kushoto, akanitazama, akakimimina. Nikaacha sahani, nikafunga bomba, nikaketi mbele yake.

"Nimesahau nini, Fundi?"

Nilitaja kimoja kimoja. Taa ya tela. Dawa. Kumpigia dada yake. Nikifika penyewe alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

Mara ya mwisho ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Nilitaja vyote ninavyovijua, kisha nikaanza upya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauweka ule mkono mzima juu ya wangu, kwenye meza iliyolowa. Ijumaa tukamzika. Mpaka leo sijui nilikuwa nimesahau nini.